Habari za Bedford Kuukuu

Vyombo vya uchukuzi vya Afrika ya Mashariki havikupata haki sawa mbele ya kalamu za wanahistoria. Reli imeandikwa sana. Kila mwanafunzi ajua, au yampasa kujua, ya kuwa reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na ya kuwa reli ya kati ya Tanganyika ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya kuzuka kwa Vita Kuu vya kwanza. Jahazi nalo lilipata wasifu wake katika mashairi na masimulizi ya pwani. Lori, lililofika mahali ambapo reli haikufika wala jahazi halingeweza kufika, limepewa mistari michache pembezoni mwa vitabu, kana kwamba pamba, kahawa, chumvi, mabati, barua, maharusi na maiti vilijipeleka vyenyewe kutoka kituo cha reli mpaka vijijini.

Sababu si ngumu kuiona. Reli ilikuwa mali ya serikali, na serikali haifanyi jambo pasipo kuliandika. Lori lilikuwa mali ya mfanyabiashara mmoja, au ya chama cha ushirika, au ya ndugu watatu waliochanga fedha za mavuno. Hesabu zake ziliandikwa katika daftari la shule kwa kalamu ya risasi, na daftari likaliwa na mchwa. Kilichobaki ni lori lenyewe, kama limebaki. Na katika miaka hii ambayo chuma chakavu kina soko jema na mtungi wa gesi hauko mbali, malori ya kale hukatwa vipande, yakapimwa kwa kilo, yakayeyushwa yakawa nondo. Kwa hiyo anayefufua lori kuukuu hafanyi kazi ya fundi peke yake. Afungua hati. Na hapa pana taabu ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii: hati ya namna hii haisomeki bila kufunguliwa, wala haifunguliwi bila kuharibiwa kidogo, na ikiisha kutengenezwa hata ikaweza kutembea tena, sehemu ya maandishi yake imekwisha kufutika.

Kabla ya lori palikuwa na kichwa na bega. Mpagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 alichukua mzigo wa kadiri ya kilo 30, mbali na mkeka wake na chungu chake. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 majeshi ya pande zote mbili yaliwategemea wapagazi kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Makumi ya maelfu ya watu hao walikufa, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kupita waliouawa na risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni ukumbusho wao, maana latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Sasa na ifanywe hesabu nyepesi. Lori la tani tatu huchukua mzigo wa wapagazi 100, nalo haliugui malale, na safari ya miezi hulikamilisha kwa siku. Aliyepata kuliona bega la mpagazi hakuhitaji kuelezwa faida ya gurudumu. Hata hivyo lori halikupokewa kwa furaha na kila mtu. Katika miaka ya 1930 serikali za kikoloni, ambazo zilikuwa na madeni ya reli ya kulipa, ziliyawekea malori vizuizi ili yasizinyang'anye reli mizigo.

Bedford ilizaliwa kwa njia ya mzunguko. Kampuni ya Vauxhall ya Luton, Uingereza, ilinunuliwa na General Motors ya Marekani mwaka 1925. Mwanzo wenyewe hao waliunganisha malori ya Chevrolet katika Uingereza. Kisha mwaka 1931 wakatoa lori la Kiingereza, wakalipa jina la mji mkuu wa jimbo lile, yaani Bedford. Lilikuwa na injini ya silinda sita yenye valvu juu ya kichwa chake, jambo la kujivunia wakati ule kwa lori la bei nafuu. Vita vya pili vilipokuja, kiwanda kiliunda magari kadiri ya 250,000 kwa ajili ya majeshi, na pamoja na hayo vifaru vya Churchill. Mwaka 1950 lilitoka lori la tani saba. Mwaka 1958 ikatoka aina ya J, yenye pua mbele ya dereva. Kwao Uingereza ilipitwa upesi na ile isiyo na pua, lakini katika Afrika na Asia ilipendwa miaka mingi. Nchini Pakistan ilivikwa mapambo na rangi hata chuma chenyewe kisionekane. Sababu ya kupendwa kwake ilikuwa ya kawaida kabisa: fundi aliyesimama kando ya barabara, mwenye spana sita na nyundo, aliweza kuifikia kila sehemu ya injini bila kulala chali.

Fundi huyo alitoka wapi? Swali hili lastahili jibu, kwa maana gari huletwa kwa meli lakini fundi haletwi. Wengi wa madereva na mafundi wa Kiafrika wa miaka ya 1950 walifunzwa na vita. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944, na nyuma ya kila kikosi palikuwa na madereva waliopeleka chakula, maji na risasi katika njia zisizostahili kuitwa njia. Aliyevuka matope ya bonde la Kabaw kwa lori la tani tatu hakuiogopa masika ya Njombe. Waliporudi, wengine waliajiriwa katika mradi wa karanga wa Kongwa na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 kwa mashini nyingi zilizotumika vitani na ukaachwa mwaka 1951 kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Karanga hazikupatikana za kutosha. Lakini watu waliojifunza kufungua giaboksi na kuifunga tena walipatikana, nao wakatawanyika nchi nzima na ujuzi wao. Hasara ya mradi ule imehesabiwa na wengi. Faida hii sijaona aliyeitia katika mizani.

Lori ninalolizungumza ni Bedford ya aina hiyo ya J, yenye injini ya petroli ya lita 3.5. Lilisimama nyuma ya nyumba katika mkoa wa Iringa kwa zaidi ya miaka 30, chini ya mkaratusi, magurudumu yake yamezama ardhini hata nusu. Kuku walitagia kitini pa dereva. Mwenyewe alikwisha kufariki. Mjane wake, ambaye hapa nitamwita Bibi kama aitwavyo na majirani, alikuwa amekataa mara tatu kuwauzia wanunuzi wa chuma chakavu, ijapokuwa mara ya tatu fedha ilihitajiwa kwa ada ya shule. Wajukuu wake walipopata kazi waliamua kulifufua, wakamwita fundi mmoja mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu. Mimi nilifika kwa shughuli nyingine. Nilikuwa nikikusanya maneno ya gereji kwa ajili ya wanafunzi wangu, nikaambiwa ya kuwa fundi yule ayajua maneno ambayo vijana wameyaacha. Nikaenda, nikarudi tena na tena kwa muda wa miaka miwili.

Siku ya kwanza mjukuu mmoja alileta betri mpya akitaka kupiga stata. Fundi aliipokea kwa shukrani, akaiweka chini, akaikalia, akaanza kueleza. Injini iliyolala muda mrefu haiamshwi kwa stata. Kuta za silinda ni za chuma cha kalibu na ringi za pistoni ni chuma. Unyevu ukiingia kupitia valvu iliyobaki wazi, kutu hujenga daraja jembamba kati ya ringi na ukuta. Daraja hilo huvunjika kwa subira. Likivunjwa kwa nguvu, ringi huvunjika nalo, au mkono wa pistoni ukapinda, na lililokuwa la kusafishwa huwa la kutupwa. Akazitoa plagi sita, akamimina katika kila silinda mchanganyiko wa mafuta ya taa na oili nyepesi, akaziba matundu kwa vitambaa, akatuambia turudi baada ya siku nane. Tuliporudi alitia spana ndefu mbele ya injini, akasukuma kidogo, akarudisha kidogo, kama mtu anayebembeleza mlango wa nyumba ambayo watoto wamelala. Haikusogea. Akamimina tena. Ilikuwa wiki ya tano injini ilipozunguka mzunguko mmoja mzima, na hapo hakuna aliyeshangilia, kwa kuwa mzee mwenyewe aliinamisha sikio akasema pana kitu ndani kinachozunguka bila kutoa sauti iliyotazamiwa.

Aliposhusha bakuli la oili tuliona masimbi meusi mazito kama uji wa ulezi, na chini yake kranki. Mikono mitano ya pistoni ilikuwa imekaa juu ya beringi zake za kawaida, zilizochakaa. Mkono wa nne haukuwa na beringi. Mahali pake palikuwa na kipande cha ngozi, kilichokatwa kwa uangalifu, kikazungushwa shingo ya kranki na kukazwa. Oili ilikuwa imekigeuza kuwa kigumu kama pembe. Karibu na ncha yake palionekana tundu dogo la mviringo, tundu la bizimu. Ulikuwa mkanda wa suruali.

Mtu asiyejua kazi hii angecheka. Fundi hakucheka, alikitazama kitambo kirefu, akatueleza ya kuwa katika miaka ya 1980 alikwisha kuona mingi ya namna hiyo. Ngozi iliyolowa oili yaweza kufanya kazi ya beringi kwa kilometa mia kadha wa kadha, mradi dereva asiendeshe mbio wala asipakie sana. Baada ya hapo huungua, naye dereva hana budi kuvua mkanda mwingine.

Hapa ndipo lori lilipoacha kuwa chuma likawa hati. Vitabu vya uchumi hutupa habari za wakati ule kwa nambari: bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, bei ya kahawa iliyoshuka baada ya 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ambavyo magari ya raia yalitwaliwa kupeleka askari mpakani, na fedha za kigeni zilizokwisha hata nchi ikashindwa kuagiza vipuri. Ni habari za kweli. Lakini nambari haisemi jinsi upungufu ulivyoingia ndani ya injini ya mtu mmoja. Beringi ni kitu kidogo, kipande cha chuma kilichopinda, huenea katika kiganja cha mtoto. Kwa kukosekana kwake lori lililokuwa na injini nzima, giaboksi nzima na difu nzima lilikwenda taratibu kwa mkanda wa suruali, kisha likasimama. Bibi akumbuka mwaka: 1985. Mumewe alisema beringi zikipatikana mwezi ujao litaondoka. Mwaka uliofuata serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, milango ya biashara ikafunguliwa, na baada yake yakaanza kuingia malori ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, ya dizeli. Hakuna aliyeagiza tena beringi za Bedford ya petroli. Wala kiwanda hakikudumu. General Motors iliuza kiwanda cha malori cha Dunstable mwaka 1987, aliyekinunua akafilisika mwaka 1992. Lori na kiwanda chake vilizimika karibu wakati mmoja, pasipo kimoja kupata habari za kingine.

Sasa shauri likawa gumu. Mwanahistoria ndani yangu alitaka injini ifungwe kama ilivyokuwa, na mkanda wake ndani, ihifadhiwe. Wajukuu walitaka lori litembee. Nilitoa maneno yangu kwa ufasaha niwezao, nikiamini nina hoja. Fundi alinijibu kwa swali moja: marehemu alipoutia mkanda ule, alikuwa akitengeneza kumbukumbu au alikuwa akitengeneza lori? Sikupata jibu, na hata sasa naona swali lile halikuwa la haki kamili, kwa kuwa aandikaye barua hatengenezi kumbukumbu pia, lakini barua yake haichomwi. Tukapatana hivi: kila kitu kipigwe picha kabla ya kuguswa, na kila kitakachotolewa kiwekwe katika bati la biskuti pamoja na karatasi yenye tarehe na mahali kilipotoka. Mkanda ukawa wa kwanza kuingia batini. Beringi mpya zilipatikana kwa mwenye duka mmoja Nairobi, zingali ndani ya karatasi zake za nta.

Kazi nyingine za injini nitazipitia upesi. Njia za maji zilikuwa zimejaa tope na kutu. Zilisafishwa kwa maji ya kasi yaliyoingizwa kutoka chini kwenda juu, kinyume cha desturi ya maji yenyewe. Rejeta ilizibwa matundu 14 kwa risasi na bati. Tanki la petroli lilitiwa kokoto na maji ya sabuni, likafungwa juu ya mkokoteni na kutikiswa siku nzima barabarani na watoto, ambao walilipwa kwa miwa. Petroli iliyoachwa miongo mitatu si petroli tena. Huwa gundi ya rangi ya asali, na katika kabureta ilikuwa imeziba kila tundu.

Jambo moja la injini lahitaji kituo, maana lagusa historia ya ulimwengu. Mwaka 1921 watafiti wa General Motors haohao, wenyewe wa Bedford, waligundua ya kuwa petroli ikitiwa kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi, injini haigongi. Risasi ile ilikuwa na faida ya pili: iliacha utando mwembamba juu ya viti vya valvu ukavilinda visiliwe na moto. Injini za zama zile ziliundwa zikiitegemea. Lakini risasi ni sumu ya damu na ya ubongo, hasa wa mtoto, na hewa ya miji yote yenye motokaa ilijaa sumu hiyo kwa karibu miaka 80. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Lori letu lililala kabla ya mabadiliko hayo na kuamka baada yake. Petroli liliyoizoea haipo tena, na ni heri haipo. Kichwa cha injini kilipelekwa kwa mkereza chuma, viti vya valvu vikachongwa na vipya vigumu vikapachikwa. Haya ni matengenezo ambayo marehemu asingeyaelewa, kwa kuwa yalitibu maradhi ambayo zama zake hazikuwa nayo.

Breki ndizo zilizomtia fundi hofu, na ni haki yake. Injini mbovu humwacha mtu njiani. Breki mbovu haimwachi. Mipira ndani ya silinda za magurudumu ilikuwa imekuwa kama mkaa, na pistoni zake zimeshikana kwa kutu, kwa kuwa mafuta ya breki hunywa maji ya hewani na kuyahifadhi mahali pabaya kabisa. Alizifungua zote, hakutumia tena hata mpira mmoja. Mabamba ya msuguano aliyalowesha maji kabla ya kuyatoa, akawakataza vijana kupuliza vumbi lake: mabamba ya kale yalitiwa asbesto, na vumbi la asbesto huua mapafu baada ya miaka mingi, wakati ambapo mtu amekwisha kuisahau siku ile. Kisha matairi. Gurudumu la lori la namna hii lina ringi ya chuma inayolifunga tairi kwa kando. Ikiwa haikukaa sawasawa, upepo ukitiwa huruka kwa nguvu ya mzinga. Fundi alilifunga kila gurudumu kwa mnyororo kabla ya kulijaza, akasimama mbali na kumsimamisha kila mtu mbali. Katika ujana wake alimwona mwanafunzi mwenziwe akiuawa na ringi hiyo. Alilisema hilo mara moja tu, na hakuulizwa zaidi.

Nimesema nilikwenda kukusanya maneno. Basi niseme kidogo juu yake, ingawa yastahili makala yake yenyewe. Lori ni kamusi ya wageni wetu. Gari ni neno la Kihindi. Dereva, breki, stata, rejeta na difu ni ya Kiingereza, yaliyovuliwa viatu mlangoni. Lakini usukani ni neno la bahari, tena la Kiarabu, lililokuwa jina la chombo cha kuongozea jahazi karne nyingi kabla ya motokaa, na shehena nayo ni ya bahari. Watu wa kwanza kulipa lori majina ya Kiswahili waliliona kuwa jahazi la nchi kavu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ilianza kazi mwaka 1930 na kamusi kubwa ikatoka mwaka 1939. Wakati huohuo gereji nazo zilikuwa zikiunda maneno bila mwenyekiti wala katibu, na maneno yao mengi yameishi kuliko ya kamati.

Sasa nije kwenye sakafu ya lori, ambayo iliniweka macho usiku zaidi ya injini. Ilikuwa ya mbao za mninga. Mbao tatu zilikuwa zimeoza. Nyingine zilikuwa nzima, na juu yake yalionekana maduara yaliyodidimia, ya kipenyo cha sentimita 58 hivi, sawa na kitako cha pipa la lita 200. Mara moja nikawaza Zambia. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, ilikatiwa mafuta katika muda wa mwezi mmoja. Mapipa yalipelekwa kwa ndege na kwa malori ya kila aina kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, katika njia ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Wazungu waliiita njia ya Jehanamu. Malori mengi yaliangukia mabondeni na watu wake. Ilikuwa hivyo mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968. Lami na reli ya TAZARA vilifuata katika miaka ya 1970. Ni sura tukufu ya historia yetu, na ni raha iliyoje kuweza kusema: lori hili lilikuwamo.

Lakini pipa halina mdomo. Duara la pipa la petroli ya Lusaka na duara la pipa la mafuta ya kula ya Makambako ni moja. Bibi alisema mumewe alikwenda Zambia, ila hakumbuki alipakia nini; na mumewe hakuwa mtu wa kueleza. Nimewaonya wajukuu wasiandike ubaoni jambo ambalo sakafu haikulisema. Mmoja hakupendezwa.

Kilichojulikana kwa hakika kilikuwa kingine, nacho hakikuwa kitukufu. Katika Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza ya kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kazi ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Magari yalihitajiwa. Marehemu aliitwa na lori lake, naye akaenda, na kwa muda wa wiki nne alihamisha watu wa upande wa pili wa mto: vyungu, mbuzi, vinu, wazee, na milango iliyong'olewa katika nyumba ambazo hawakutaka kuziacha. Baadhi yao walikuwa shemeji zake. Bibi alitusimulia haya akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na gurudumu la nyuma, wala hakumtetea mumewe wala hakumlaumu. Alisema tu ya kuwa baada ya hapo mumewe hakulipwa, na kwamba kaka yake mwenyewe hakukanyaga ua wao mpaka alipokufa. Nikamwuliza kwa nini basi alikataa kuliuza. Akasema, "Mwanangu, likiuzwa watasema tumeficha."

Nililitafakari jibu hilo siku nyingi. Nilidhani mjane alilitunza lori kwa mapenzi, kama ambavyo wajukuu wake waliamini. Kumbe alilitunza kama shahidi, na shahidi mwenyewe alikuwa dhidi ya nyumba yake. Tangu siku ile sikubishana tena na fundi juu ya mkanda, lakini nilisimama imara juu ya sakafu. Mbao tatu zilizooza zilibadilishwa. Zile nyingine hazikupigwa randa wala rangi.

Injini ya Bedford hii hulipua silinda zake kwa utaratibu wa moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Fundi alikuwa akiutamka utaratibu huo kwa sauti ya chini kila alipounga waya za plagi, nao vijana wake wakaufuata, hata watoto wa jirani wakawa wanauimba wakiruka kamba. Iliwashwa Jumamosi moja ya Agosti, saa nne asubuhi. Mara ya kwanza ilikohoa. Mara ya pili moto ulitoka katika kabureta, ukamchoma kijana mmoja nyusi. Fundi aligeuza distributa kidogo, kadiri ya upana wa ukucha, akaashiria kwa mkono. Mara ya tatu ikashika. Moshi wa buluu ulijaa uani, kuku wakakimbia, na yale maelezo yote niliyoyaandika juu ya ringi na beringi yakawa ngurumo moja.

Watu walikuja. Vijana walipiga picha. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja wa upande wa pili wa mto, ambaye mwaka 1974 alikuwa mtoto wa miaka tisa na alipakiwa juu ya mbao zilezile. Hakuingia uani. Alisimama njiani, mkono juu ya fimbo, mpaka injini ilipozimwa. Bibi akamwendea, wakaamkiana kwa maneno marefu ya desturi yao. Kisha mzee akasema kwa Kiswahili, labda ili sote tusikie, "Sauti ni ileile." Akaaga.

Lori hilo sasa hupelekwa mnadani siku za kavu, mwendo wa kilometa 40 kwa saa, halizidi, na lanywa petroli bila adabu. Faida yake kwa fedha ni ndogo, na mjukuu aliyetoa fedha nyingi kuliko wenzake amekwisha kulalamika. Bati la biskuti limejaa, likaongezwa la pili. Fundi naye ameitwa Mafinga kutazama Leyland moja iliyosimama nyuma ya ghala. Nimemwomba, kabla ya kutia mafuta katika silinda, aanze kwa kufagia sakafu yake taratibu na kunipigia simu.